Moto Ulipotukuta Gwarideni

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Na wale wenzetu Waislamu waliokuja kuwaaga vijana wao pamoja nasi, nawaamkia kwa amani.

Nilikuwa napalilia maharage juzi, katekista akanijia shambani. Akasema, "Mama, vijana wetu wanaondoka Jumanne kwenda kwenye mafunzo ya jeshi. Baada ya ibada uwaambie neno." Nikamjibu, "Waitu, ndugu yangu, mimi mwanamke wa jembe niwaambie nini watu wanaokwenda kushika bunduki?" Akasema, "Waambie wewe ulivyofanya." Basi nitasema. Ila mengi sikuyafanya mimi, nilifanyiwa, na hata leo nikiyakumbuka nashika kichwa. Majina ya watu sitayataja. Wanaojijua watajijua, na mmoja wao amekaa pale karibu na mlango, ameshaanza kucheka.

Vijana, acheni kwanza niwape yale madogo nisije nikayasahau. Hivyo viatu vya buti mlivyovikalia kama mayai, msiende navyo mabegani ili visichafuke. Vivaeni leo. Tembeeni navyo kwenye umande mpaka ngozi ilainike ijue mguu ni wa nani. Kateni kucha. Na ugali, jamani. Sisi wa hapa mtu asipokula ndizi anasema hajala, hata kama tumbo limejaa mpaka kooni. Kule mnakokwenda hakuna ndizi. Mimi mwenyewe siku za kwanza niliusukuma ugali kando ya sahani nikisubiri chakula kije, na hakikuja. Anzeni kuula jioni hii. Na ninyi akina mama mnaowafungia senene za kukaanga, fungeni nyingi, awape wenzake. Kijana anayekula senene zake peke yake amejifunika blanketi, hao wenzake siku atakapoanguka watamwinuaje?

Sasa niwaambie nilikotoka.

Niliolewa nikiwa binti, upande wa Rubya. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Tulilima, tulichuma kahawa, tulikwenda misa. Kitu kimoja tu hakikuja, mtoto. Tulingoja. Nilipimwa, nikanywa dawa za hospitali na dawa za miti, nikafunga novena. Mwaka ukapita na mwingine ukapita. Watu wakaanza kunisalimia huku wanaangalia tumbo. Asubuhi moja mume wangu alikuja jikoni, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Nenda kwa baba yako ukapumzike."

Akina mama mliomo humu, mwanamke wa kwetu akiambiwa akapumzike kwa baba yake, haulizi ni kwa muda gani. Nilichukua mkeka wangu na kikapu.

Tata, baba yangu, alinipokea. Alikuwa amekaa nje anatafuna punje za kahawa, akaniona nakuja na mkeka kichwani. Alisema tu, "Nyumba ndiyo hii." Alipokuwa hai nilikuwa na mahali. Alipofariki, kibanja chote, nyumba na migomba yake, kilimwendea kaka yangu, kama desturi yetu ilivyo. Kaka naye alikuwa na mke na watoto, na jiko lilikuwa moja.

Hawakunifukuza. Nataka mnielewe hapo, maana wapo watu wanaoanguka kwa kusukumwa na wapo wanaozama polepole. Mimi nilizama. Nilianza kusema kwa sauti ndogo ili nisimsumbue mtu. Nikaanza kula mwisho. Nikaanza kupita nyuma ya migomba badala ya uani. Siku moja akaja mgeni kutoka mbali, kaka akamtajia watu wa nyumba ile, huyu mke wangu, hawa wanangu. Na mimi nimekaa palepale namenya ndizi, kisu mkononi. Sikutajwa. Wala sikukasirika. Niliendelea kumenya, nikajisemea moyoni kwamba kweli, mimi nihesabiwe kama nani?

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipokuwa chini kabisa. Mtu anaweza kuwa chini huku amekaa kwenye kigoda.

Ilikuwa ni miaka ile ya kuanzisha vijiji. Wakaja viongozi wakasema asiye na kibanja aende kijiji kipya cha ujamaa, atapewa shamba. Kijiji chenyewe kilikuwa kwenye rweya. Mnajua sisi tunavyoiona rweya. Ni mbuga ya kulishia ng'ombe na kukatia nyasi za kutandika, siyo mahali pa mtu kulala. Hakuna mgomba, hakuna kivuli, ni nyasi na upepo. Kaka alisema, "Huko wanakwenda watu wasio na kwao." Nikasema, "Basi ni kwangu." Asubuhi nilipoondoka wifi yangu alinifuata mpaka njia panda akanipa jembe lake jipya, lile ambalo hata yeye alikuwa hajalitumia. Wifi yangu huyo sikuwahi kumwelewa mpaka siku ile.

Kijijini nilipewa kibanda na shamba. Jirani yangu alikuwa mama mwenye watoto wengi na sauti kubwa, ambaye mume wake alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine mjini. Ndiye huyo anayecheka mlangoni. Sijakaa sawasawa, tukatangaziwa kwamba kila mtu mzima mwenye nguvu atafunzwa mgambo, mwanamume kwa mwanamke. Mafunzo yalikuwa uwanjani, juu ya kijiji, na mkufunzi angetoka mjini Bukoba.

Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Bukoba lakini baba yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kama maji ya chemchemi. Sisi wengi tulikuwa na Kiswahili cha kuokoteza. Siku ya kwanza akasema, "Nyuma, geuka!" Mimi nililikamata neno "nyuma" tu, nikaanza kutembea kinyumenyume mpaka nikamgonga mzee mmoja, tukaanguka wote wawili. Mcheke, hata wao walicheka. Yeye hakucheka. Alikuja akasimama juu yangu akasema taratibu, "Mama, inuka. Geuka ni hivi." Akageuka mwenyewe kwenye vumbi, kisigino na kidole, kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Nikastaajabu kwamba hata kugeuka kuna watu waliokaa chini wakatafuta njia yake.

Shida yangu ilikuwa pale pa kuitwa majina. Kila asubuhi anaita, nawe unajibu "Nipo!" Akaita jina langu. Nikajibu. Akaita tena. Nikajibu tena, kwa sauti yangu ile ya jikoni kwa kaka. Akasema, "Hayupo," akaendelea na mwingine. Baadaye akanikuta nimesimama kwenye mstari. Akashangaa.

"Wewe mama, ulikuwa wapi nilipokuita?"

"Nilikuwa hapa, afande."

"Ulijibu?"

"Nilijibu."

"Nani alikusikia?"

Asubuhi iliyofuata ikawa vilevile. Ya tatu akanituma nikasimame kwenye kichuguu, ng'ambo ya uwanja, akaniita kutoka huku. Nilijibu mpaka machozi yakanitoka, sauti haikuvuka hata nusu ya uwanja. Wenzangu wamesimama kwenye jua wananingoja. Wengine wakaanza kunong'ona, na neno la ugumba nikalisikia, maana habari za mtu hazikosi kumfuata. Aliponirudisha mstarini nilimwambia, "Afande, kwetu mwanamke mwenye adabu hapigi kelele."

Akasema, "Sikuambii upige kelele, mama. Nakuuliza ulipo. Mwenzako asipokuona kwa macho, atakujuaje?"

Nilimchukia. Nawaambieni vijana, na ninyi mtamchukia mtu huko, jiandaeni. Sikumwelewa hata kidogo, nilimwona ni mtu wa mjini anayewatesa watu wa shamba. Kisha siku hiyohiyo mchana nikaona jambo kwake. Tulikuwa tunapumzika. Yeye alikwenda kando, akanawa kwa maji ya chupa yake, akatandika shati lake juu ya nyasi, akasali. Mtu yule mkali, tuliyekuwa tunamwogopa kuliko chui, ameweka paji la uso chini kabisa, kwenye vumbi lilelile alilokuwa anatukimbiza. Nilimwangalia mpaka akainuka. Chuki haikuisha, lakini ilipata mahali pa kukaa kimya.

Nikaanguka kwelikweli juma lililofuata. Asubuhi tulikuwa tunakimbia mchakamchaka kupanda kilima, tunaimba. Viatu nilipewa vya mtu mwingine, vikubwa, na sikujua kuvifunga. Visigino vikachunika. Nikanyamaza, maana nilikuwa bingwa wa kunyamaza. Vidonda vikaoza ndani ya soksi. Siku moja katikati ya kilima miguu ikakataa, nikalala kwenye nyasi, wimbo ukanipita ukaenda juu kilimani bila mimi. Nilisikia unavyopungua, na nilipoacha kuusikia nikasema basi, nimekwisha, hata huku rweya sina mahali.

Nilijikokota mpaka kibandani nikaanza kukunja mkeka. Niende wapi sikujua. Jirani yangu akaingia bila kubisha hodi, jasho linamtiririka, kanga ameifunga kiunoni juu ya suruali.

"Unafanya nini?"

"Naondoka."

"Unakwenda kwa nani?"

Nikaendelea kukunja. Akakaa chini kwenye mlango wa kibanda, ukaziba wote, maana mnamwona alivyo. Akasema, "Lete hiyo miguu." Nikakataa. Akaivuta mwenyewe. Akaona. Hakusema pole, alinigombeza kwa Kihaya cha shambani ambacho siwezi kukirudia mbele ya kanisa. Kisha akachemsha maji akatia chumvi, akaosha vidonda vile kimoja kimoja, na mtoto wake mdogo amemning'inia shingoni. Akasema, "Ulidhani ukinyamaza vitapona? Mimi nimelala na ukuta mmoja na wewe, nisijue unaoza?" Na ndiye aliyenifundisha kukunja kitambaa ndani ya kiatu, na kufunga kamba kuanzia chini. Vijana, mtu asiwadanganye kwamba ushujaa ni kuficha kidonda. Kidonda kionyeshe siku kinapoanza.

Nikarudi uwanjani nikiwa nachechemea. Mkufunzi aliniona, akanitoa kwenye kukimbia akaniweka kwenye kwata. Jirani yangu akaomba asimame kulia kwangu. Akaninong'oneza, "Kanyaga ninapokanyaga mimi."

Sasa hapa nataka niseme jambo ambalo sijui kama maneno ninayo. Tulikuwa tumefundishwa hatua siku nyingi, na siku zote miguu yetu ilisikika kama mbuzi wanavyoteremka mlima. Huyu mbele, huyu nyuma, mzee mmoja ana hatua zake za peke yake. Asubuhi hiyo, katikati ya uwanja, bila mtu kutuambia kwamba sasa ndiyo leo, miguu ikakutana. Ikawa mguu mmoja. Ardhi ya rweya ikajibu kutoka chini, *du*, *du*, *du*, nikahisi mlio unapanda kwenye mifupa ya miguu mpaka kifuani. Watu wasio na kwao, wajane, wazee, vijana walionyimwa vibanja na kaka zao, mimi niliyerudishwa. Na ule mlio haukuwa wa mtu yeyote kati yetu. Niliogopa, nawaambia kweli. Niliogopa kama mtu anavyoogopa kanisani wakati kengele inapolia mkate ukiwa juu mikononi mwa padre. Nilimtazama mkufunzi, naye alikuwa ameacha kuhesabu. Alisimama tu anasikiliza.

Sijafika kwenye moto. Vumilieni kidogo, mama zangu, najua ndizi ziko jikoni.

Ilikuwa kiangazi. Nyasi za rweya zilikuwa zimekauka, zinalia ukizigusa. Mchana mmoja tuko gwarideni na bunduki zetu za mbao mabegani, tukasikia harufu. Kisha tukaona nyuma ya kilima moshi, siyo ule mweupe wa mtu anayechoma magugu, bali mweusi, mpana, umelala. Mtu alikuwa amechoma nyasi mahali ili majani mapya yaote kwa ajili ya ng'ombe, kama watu walivyofanya siku zote, na upepo ukamnyang'anya moto wake. Ukaja kileleni. Ndugu zangu, mmeshaona moto wa nyasi ukishuka kilima na upepo nyuma yake? Unakimbia kama kundi. Unanguruma. Ndege wanatoka mbele yake, panya wanatupita miguuni, swala mmoja alipita katikati ya mstari wetu kama vile sisi ni miti.

Na chini yetu kilikuwepo kijiji. Vibanda vyote vya nyasi. Watoto wadogo walikuwa kwenye banda lao la kufundishiwa, nalo la nyasi vilevile, watoto wa jirani yangu wakiwa humo.

Jirani yangu alitaka kukimbia kushuka. Nilimwona ameshageuka, uso wake sikuutambua. Mkufunzi akamshika mkono. "Mama, ukienda huko utakufa pamoja nao. Moto tutauzuia hapa." Akatuelekeza bunduki za mbao tuziweke chini, kila mtu avunje tawi bichi, tujipange kwenye njia ya kisimani, maana njia ile ilikuwa pana na nyasi za kandokando zilikuwa zimekanyagwa. "Mstari mmoja," akasema. "Mtu asiache nafasi yake. Moto hautafuti mtu, unatafuta nafasi."

Tukajipanga. Ukaja.

Siwezi kuwaeleza lile joto. Nyusi ziliungua kabla moto haujafika. Tukapiga kwa matawi, mkufunzi anahesabu, piga, piga, piga, na tukipiga pamoja ndimi zinalala chini, tukichelewa zinainuka. Kisha moshi ukatufunika. Nilikuwa siuoni mkono wangu mwenyewe. Na sauti ya mkufunzi ikaanza kukwaruza, ikawa kikohozi, kisha ikakatika. Alikuwa amemeza moshi.

Ndipo nikajua kuogopa ni nini. Ulikuwa mngurumo mtupu. Sikujua kama upande wangu wa kushoto kuna mtu au wamekimbia. Sikujua kama jirani yangu bado yuko kulia. Kama wameondoka, mimi nasimama nini peke yangu? Na nilijua kila mmoja kwenye ule mstari anawaza hivyohivyo, na mguu wa kila mmoja umeshaanza kugeuka. Mguu wangu ulikuwa umeshageuka.

Sijui ilitoka wapi. Nimeliuliza swali hili kwa padre, nimeliuliza kwa Mungu mwenyewe. Nilifungua mdomo nikitaka hewa, kikatoka kitu ambacho sikuwahi kukisikia maishani mwangu. "NIPO!"

Nilishtuka kama vile kuna mtu amesimama nyuma yangu. Na kabla sijafunga mdomo, upande wa kulia, karibu kabisa, sauti ninayoijua ikalia, "Nipo!" Kisha kushoto, mwanamume, "Nipo!" Na mwingine mbele yake, na mwingine, na mwingine. Ikaenda ndani ya moshi kwa mfululizo, sauti nzito na sauti nyembamba, ya mzee yule wa hatua zake za peke yake, ya vijana, ikaenda mpaka sikuisikia tena, na nikajua mstari ni mrefu kuliko nilivyodhani, na hakuna aliyeondoka. Hakuna hata mmoja. Nywele zilinisimama, nawaambia, pamoja na kwamba zilikuwa zimeungua. Nikalia tena, "Nipo!" na tukapiga. "Nipo!" tukapiga. Tuliacha kuhesabu, hilo neno likawa ndilo hesabu.

Sijui tulisimama pale kwa muda gani. Nilichoona ni moshi unakuwa mweupe, halafu mwembamba, halafu nikamwona jirani yangu ni mweusi kama sufuria, amebakiwa na kijiti mkononi. Mbele yetu rweya ilikuwa nyeusi mpaka kileleni. Nyuma yetu nyasi zilikuwa njano kama asubuhi. Katikati palikuwa na njia ya kisimani na sisi. Tu.

Jirani yangu alitupa kijiti akakimbia kushuka. Watoto walikuwa salama. Mwalimu wao alikuwa amewatoa akawalaza kwenye matuta ya viazi, amewafunika vichwa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji. Mmoja alikuwa amelala usingizi.

Wapo walioungua mikono, na mzee mmoja aliugua kifua kwa muda mrefu. Hatukupoteza mtu.

Mkufunzi alikuwa amekaa chini anakohoa. Akainuka. Alitaka kusema kitu, sauti haikutoka. Akavuta shati lake likakaa vizuri, akaja mbele ya mstari, akafunga mguu sawa, akatupigia saluti. Sisi. Watu wenye masizi, wengine wana kanga zilizoungua nusu. Alisimama hivyo mkono ukiwa kwenye paji la uso, na machozi yanachora njia kwenye masizi yake, bila kuyafuta. Hakuna aliyejua kama inatupasa kuijibu, tulikuwa hatujafundishwa bado. Tulibaki tumesimama.

Baada ya hapo mambo yangu yalibadilika, lakini nisiwadanganye. Mtoto sikupata. Mume wangu hakurudi kunichukua, na angerudi nisingekwenda. Sauti ya mkufunzi ilichukua siku nyingi kupona, kwa hiyo akaniambia kwa ishara kwamba mimi ndiye nitaita majina asubuhi na kutoa amri. Niliona haya, nikafanya. Mafunzo yalipokwisha nikaachwa niwe mwangalizi wa mgambo wanawake. Siku moja tulipelekwa Bukoba kwenye sherehe, tukapita mbele ya watu wengi, na kutoka barabarani nikaona ziwa lote limefunguka chini ya mji, na maji yale sikuyaona mwisho wake. Nilikuwa nimefika Bukoba mara nyingi zamani kuuza ndizi. Sikuwahi kuliona ziwa, maana nilikuwa natazama miguu yangu.

Na kaka yangu alikuja kijijini. Alikuja na mgeni. Nilikuwa uani. Akamwambia yule mgeni, "Huyu ni dada yangu." Nikaingia ndani kutafuta kigoda cha mgeni, nikakaa kwanza mwenyewe humo ndani mpaka nilipoweza kutoka.

Sasa namshukuru nani? Namshukuru Tata, Mungu amlaze pema, aliyesema nyumba ndiyo hii. Namshukuru wifi yangu kwa jembe, bado ninalo. Namshukuru mkufunzi yule. Alihamishiwa mkoa mwingine, na nasikia anafundisha makuruta huko. Nani ajue, pengine ndiye atakayewapokea ninyi. Akiwapokea, mtamjua kwa sauti, ina mkwaruzo mpaka leo. Msimwambie ninamsalimu, atadhani mnajipendekeza. Mtiini tu. Namshukuru huyu mama wa mlangoni, ambaye nikisema zaidi atanitukana tena. Na wale wote waliokuwa ndani ya moshi. Wengine sijui hata majina yao mpaka leo, lakini sauti zao nazijua.

Vijana wangu, huko mtaambiwa mambo mengi, mengine mtayasahau. Mimi nawaachia moja. Mtaogopa. Nimeogopa nikiwa mdogo na nikiwa mkubwa, na sioni kama hofu inaisha. Siku itakapokushika, usiulize kama wewe ni mtu hodari. Uliza aliye kulia kwako na aliye kushoto kwako wanahitaji nini, ufanye hicho. Mengine Mungu anajua atakapoyatoa. Mimi sijui alikoyatoa ya kwangu, na nimeacha kumuuliza, siku hizi nashangaa tu.

Na ninyi mama zao. Jumanne lori litakapokuja, msilie. Kijana akipanda lori huku mama yake analia barabarani, hicho kilio anasafiri nacho, nacho ni kizito kuliko begi. Lieni leo, hapahapa, mbele ya Mungu. Mimi nitalia pamoja nanyi, nimeshaanza. Kisha tujifute macho, twendeni tukawapikie.